Nilivyofunga kinasa changu cha mawimbi ya ndege hapa Moshi, dishi la fundi likabaki pambo

Mimi naendesha watalii, na kazi yangu nyingi ni kupokea wageni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku. App ya simu ya kufuatilia ndege ilikuwa inanionesha ndege ya KLM vizuri ikiwa juu huko, ikianza kushuka inapotea, unabaki hujui imetua au mnara umeiweka izunguke kwanza nyingine ipite, na mgeni akitoka asikuone kosa ni lako. App zinategemea vinasa vya watu huku chini, kama jirani hakuna kinasa kinachoiona, ikishuka inazama. Nikasema basi nafunga changu.

Ndege nyingi zinajitangaza zenyewe, kama mara mbili kwa sekunde, zipo wapi na futi ngapi, kwenye megahezi 1090, ndo wanaita ADS-B. Haijafungwa kwa nywila, mwenye kinasa anasikia. Na kinapokea tu, hakirushi chochote. Nikanunua ile flashi ya kunasia TV yenye chipu ya RTL2832U na Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo, ya mtumba, jumla laki na ushee hivi, usinishikie bei. Programu ya kuzisoma hizo ishara ni dump1090, ya bure, unaiweka inafanya kazi.

Sasa antena. Hapa ndo nilipokutana na wataalamu. Fundi wa madishi akaniambia mangi, ndege ziko angani, dishi linaangalia angani, tatizo liko wapi? Akapanda juu ya bati, akaligeuzia upande wa KIA, mimi niko chini na laptop napiga kelele "hamna!", anasogeza kidogo, "hamna bado!", mpaka majirani wakaja kuuliza mpira umeshaanza. Nikasoma baadaye kwamba ile LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi, inanasa megahezi elfu 10 na zaidi, kwa hiyo hata tungeligeuza mpaka Jumapili lisingesikia kitu. Yeye alishuka akasema ndege zimefichwa na serikali, na hela yake akachukua. Wa dukani naye akaniuzia busta ya antena ya TV, ikaongeza makelele tu.

Dawa ilikuwa jikoni. Ukigawanya 300 kwa 1090 unapata urefu wa wimbi, kama sentimita 27 na nusu, robo yake ni 6.9. Nikakata waya wa shaba urefu huo, nikatoboa mfuniko wa sufuria wa aluminiamu katikati, nikafunga konekta, waya ukasimama juu ya mfuniko kama mshumaa. Waifu alinuna kuhusu mfuniko, nikamnunulia sufuria zima lenye mfuniko wake, yakaisha. Juu nikafunika kwa chupa ya maji iliyokatwa, plastiki haizuii mawimbi ila inazuia mvua, na huku mvua unazijua. Nikaufunga kwenye bomba refu kuliko mparachichi wa jirani, maana 1090 inataka kuonana uso kwa uso, majani mabichi hayapendi. Kufikia jioni kioo kimejaa ndege!

Kaskazini kwangu ni mlima, huo hauna ujanja, mita 5,895, ndege ikielekea Nairobi inakatika nyuma yake. Ila upande wa KIA naiona mpaka inakaribia lami, na usisubiri isome sifuri, futi zinahesabiwa toka usawa wa bahari na KIA yenyewe iko karibu futi 2,900. Ikianza kuchora mviringo najua bado nina muda wa chai. Vile vindege vidogo vya kwenda Serengeti vinavyotoka uwanja wa Arusha pale Kisongo usivitegemee, vingine havitangazi, kwenye ramani havipo kabisa japo unavisikia vinanguruma.

Flightradar24, wale wenye app ya kufuatilia ndege, ukimtumia data zako kwa intaneti anakupa akaunti kubwa bure, hiyo wengi hawaambiwi wanalipa tu.

Halafu wanaokwambia vuta kebo ndefu ya antena mpaka sebuleni wapuuze, mawimbi yanaishia njiani. Flashi iwe karibu na antena, Pi nayo jirani, waya wa USB usizidi mita 5, kinachoshuka ndani iwe kebo ya intaneti. Pi usiilaze chini ya bati tupu, joto la saa nane mchana linaizima, yangu nimeiweka ukutani upande wa kivuli ndani ya boksi la swichi lenye matundu kwa chini.