Charles Bannerman, aliyeukabili mpira wa kwanza

Hapa Malindi, ukiitaja kriketi barazani, wanaoijua hukumbuka mwaka 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kisha mazungumzo hurejea kwenye kandanda. Mimi nimevutiwa na mtu wa zamani zaidi, Charles Bannerman, ambaye naona jina lake limesahaulika isivyostahili.

Alizaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka 1851, akaja kuichezea Australia. Tarehe 15 Machi 1877, nchi hizo mbili zilipokutana Melbourne katika mechi inayohesabiwa leo kuwa ya kwanza ya Testi, yaani kriketi ya kimataifa ya siku kadhaa, ndiye aliyeukabili mpira wa kwanza, uliorushwa na Alfred Shaw. Alikuwa bado na mikimbio michache (mikimbio ndiyo pointi za kriketi) alipopiga mpira wa juu, mwepesi wa kudakwa, ukamwendea Tom Armitage, ukamgonga tumboni na kuanguka chini. Waingereza waliijutia nafasi hiyo ya kumtoa, maana mpira ukidakwa mpigaji hutoka: jioni ilipoingia Bannerman alikuwa na mikimbio 126, na kesho yake akafikisha 165 kabla mpira wa George Ulyett haujampasua kidole na kumlazimisha atoke uwanjani. Watu wakamchangia fedha, harambee hasa kama tuijuavyo sisi.

Australia ilipata mikimbio 245 kwa jumla, na aliyemfuata Bannerman kwa wingi wa mikimbio alikuwa na 18 tu. Basi mtu mmoja alileta asilimia 67.3 ya mikimbio ya timu yake, na hadi leo hakuna aliyempita katika zamu iliyokamilika ya Testi (zamu ni kipindi cha timu kupiga), si Don Bradman, mpigaji bingwa wa Australia, si mwingine. Binafsi naithamini rekodi hii kuliko zile za jumla ya mikimbio, kwa kuwa jumla huongezeka kadiri mtu anavyopewa mechi nyingi, na Bannerman alipewa tatu tu. Katika zamu ya pili alitoka na mikimbio 4, lakini Australia ilishinda kwa tofauti ya 45.

Mdogo wake, Alick, alicheza Testi 28. Charles mwenyewe alirudi uwanjani akiwa mwamuzi, akasimamia mechi 12 za Testi, na akafariki Sydney mwezi Agosti 1930.

Mwaka 1977 timu hizo zilikutana tena Melbourne kuadhimisha miaka mia ya mechi ile, na Australia ikashinda kwa mikimbio 45 vilevile.