Raha ya walsi iko kwenye kushuka

Wapo wanaoniambia nisiwaharibie starehe kwa habari za visigino na magoti. "Dansi ni kujiachia, dada." Sikubaliani nao hata kidogo, na walsi ya polepole, dansi ya wawili walioshikana, ndiyo shahidi wangu.

Walsi ina mapigo matatu, na kwenye mashindano siku hizi muziki wake huenda mafungu 28 hadi 30 ya mapigo hayo matatu kwa dakika. Ni mwendo wa taratibu. Ukihesabu hatua tu, utamaliza wimbo salama, lakini utakuwa umetembea. Kazi iko kwenye kupanda na kushuka. Pigo la kwanza, anayekwenda mbele hutanguliza kisigino. Pigo likielekea kwisha mwili unaanza kuinuka. La pili uko juu ya vidole. La tatu miguu inakutana ungali juu. Halafu, kabla la tatu halijaisha, unashuka: kisigino kinarudi sakafuni, goti linalegea, ndipo mguu mwingine utoke.

Mimi ndiye ninayerudi nyuma, na njia siioni. Goti la mume wangu likianza kulegea, nahisi mbavuni, pale mwili wake unapogusana na wangu, kabla hajanyanyua mguu. Papo hapo najua tunaelekea wapi na hatua itakuwa ndefu kiasi gani. Sibahatishi, sivutwi mkono. Nanyoosha mguu nyuma kutoka nyongani, vidole vinatangulia, na bega langu linatulia lenyewe. Furaha ninayoipata hapo siipati kwa kujiachia.

Mwalimu wetu akiona tunakimbilia pigo la kwanza, huzima muziki. "Baba, mngoje mwenzako. Tatu bado haijaisha." Tunarudia kimyakimya, tukisikilizana pumzi.

Tango, dansi nyingine ya wawili, haina kupanda huku. Magoti hubaki yamelegea mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mwili lazima ujifunze upya. Foksitroti nayo ina mambo yake, na naipenda kuliko zote, lakini hiyo niiachie siku nyingine.

Wazee wetu wa Dar es Salaam na Mombasa walicheza walsi na foksitroti kwenye klabu za dansi tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na walishindana kwa umaridadi. Hawakuona aibu kujifunza hatua.

Kama unaanza, mizunguko iache kwanza. Shika ukingo wa meza, panda juu ya vidole, kisha shuka polepole kwa mguu mmoja, kisigino kitue bila kishindo. Fanya hivyo kila jioni kabla hujatafuta mwenzi.