Ukumbi, Vyumba na Ua

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, jijini Dar es Salaam, haikujengwa kwa ajili ya familia moja iliyojifungia. Ukumbi mrefu hupita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, huku vyumba vikipangana pande zote mbili, mara nyingi vitatu kila upande, ili mwenye nyumba aishi katika kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, ambavyo kila kimoja huweza kuwa makazi ya familia nzima. Chumba ni cha kulala na kuweka mali. Maisha yenyewe yako uani, penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo, ambako wanawake hupika, husukana na kulea watoto wa wote, ilhali baraza ya mbele huwapa wanaume mahali pa bao na kahawa bila mgeni kuingia ndani. (Ugomvi wa zamu ya kuosha choo nao umo.) Maghorofa yanayochukua nafasi ya nyumba hizo yana sebule pana, lakini wasanifu wake, kwa maoni yangu, wamesahau ua: ndiyo maana mkaa huwashwa kwenye roshani, na turubai la msiba hufungwa barabarani.