Hapandi Huyo

Juzi usiku binti yangu alinikuta nikitazama filamu ya mapenzi ya huko mashambani, ya mwanamke wa mjini anayekwenda kijijini kwa wiki moja na mkulima mpole anayemkuta huko, na kabla robo saa haijaisha nilikuwa nimekwisha kumwambia nani ataolewa na nani. Aliniuliza kwa nini basi ninaendelea kutazama. Sikumjibu, kwa kuwa swali hilo nililiuliza mimi mwenyewe, karibu kwa maneno hayo hayo, Desemba ya mwaka 2007, tukitoka kwenye banda la video na Bibi, kule Newala.

Msimu ule ndipo mkoa wetu wa Mtwara ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima alikabidhi korosho, akapewa stakabadhi, kisha akalipwa kwa awamu. Korosho tulizikusanya tangu Oktoba, tukazianika, tukazipeleka chamani, kwenye chama cha ushirika, na malipo ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuliwa. Ya pili yalisubiriwa, na baada yake yalisemwa mengine yaliyoitwa majaliwa, jina ambalo lilieleza vya kutosha. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ada shilingi 70,000 kwa mwaka, na kila jioni Mjomba alirudi kutoka chamani akiwa hana la kusema.

Siku hiyo Bibi, ambaye hakuwa na desturi ya kwenda bandani, alifungua pindo la khanga yake, akatoa shilingi 200, akasema twende.

Filamu ilikuwa ya Uingereza. Mwanamke ameachiwa shamba la kondoo na dada mkubwa wa mama yake, naye amekuja kutoka London kwa nia ya kuliuza. Kijana mwenye banda alisimama kando ya luninga akitufasiria, na aliposema kwamba marehemu alikuwa mama mkubwa wa huyu dada, wazee waliokaa nyuma waliitikia kwa kuridhika, kwa sababu kwetu Wamakonde mali kupita upande wa mama si jambo la kushangaza hata kidogo. Kilichowashangaza ni kijito kilichopita nyuma ya nyumba, maji yakitiririka mchana kutwa bila foleni ya ndoo. Nakumbuka mama mmoja aliguna kwa uchungu wa kweli, maana kwetu juu ya uwanda maji ama unayafuata bondeni alfajiri, ama unayanunua.

Bibi yeye alivutwa na ukuta. Mashamba ya kule yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa pasipo saruji wala udongo, kila jiwe likichaguliwa likae juu ya mwenzake kwa umbo lake, na sehemu moja ilikuwa imebomoka, kondoo wakapita. Mkulima jirani akaja kuujenga upya, mwanamke akamsaidia, kwanza kwa glavu, kisha kwa mikono mitupu. Bibi alisogea mbele kwenye benchi na hakurudi nyuma tena.

Yaliyofuata kila mmoja wetu aliyajua. Walipendana, wakagombana kwa neno dogo ambalo lingemalizwa kwa sentensi moja, na mwanamke akafungasha. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha treni, begi mkononi, treni inaingia, ndipo jenereta lilipokohoa mara mbili na kuzimika.

Giza lile ninalo mpaka leo. Harufu ya petroli iliyokwisha ilichanganyika na harufu ya ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, ambayo mwanamke mmoja aliiuza pale mlangoni, na kwa muda hakuna aliyesema kitu, kana kwamba hata sisi tumesimama kwenye kile kituo. Kisha nikasikia sauti ya Bibi karibu na bega langu, sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Hapandi huyo."

Mtu mmoja nyuma akajibu, "Hapandi, Bibi." Mwingine akasema jirani atakuja mbio, mwingine akasema atakuja na trekta, na wakabishana gizani juu ya mbio na trekta, lakini juu ya kutopanda hakuna aliyebisha. Kijana alitumwa petroli kwa baiskeli. Alikawia karibu saa nzima. Watu wenye watoto mgongoni, watu wenye mashamba ya kuamkia, walikaa kungoja jambo wanalolijua, na sijawahi tena kuona watu wametulia namna ile katika msimu wenye wasiwasi kama ule.

Luninga ilipowaka, hakupanda. Jirani alikuja kwa trekta. Banda zima lilishusha pumzi.

Njiani ndipo nilipomwuliza Bibi kwa nini tulingoja, ikiwa alikwisha kujua.

"Nilitaka nimwone akishusha begi," alisema.

Nikamwuliza alijuaje. Alitembea hatua kadhaa kabla ya kujibu.

"Kwa ukuta. Mtu akishaujenga kwa mikono yake, haendi."

Malipo ya pili yalikuja Januari, yakatosha ada na sanduku la bati. Mikono yangu ilikuwa imeokota korosho za shamba lile tangu nilipoweza kuinama, lakini mimi nilikwenda, na sikurudi kukaa. Mara nyingi nimejiuliza kama usiku ule Bibi alimsema mwanamke wa Uingereza peke yake, au alikuwa akiniuliza mimi kitu ambacho nilikuwa mdogo mno kukisikia. Asubuhi ya safari alinisindikiza hadi stendi, akanipa njugu mawe za kula njiani, hakulia. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa dirishani, kondakta amekwisha kulifunga sanduku langu juu ya basi, na Bibi alikuwa bado analitazama.