Mvushaji kasinzia

Niko kwenye treni natoka Mantova, Italia. Acha niandike sasa, nikifika nyumbani nitasahau.

Mama mwenye nyumba wangu kashikwa na mafua, tiketi yake ya opera ikaniangukia mimi. *L'Orfeo* ya mtunzi Monteverdi. Ilichezwa mara ya kwanza mji huuhuu, 1607, kwenye jumba la mtawala, mbele ya wageni wake. Sisi wa kukata tiketi tulisubiri mpaka 1637, Venice walipofungua ukumbi wa opera wa umma.

Nilijiandaa kwa makelele. Kumbe ni mtu anasimulia, ila kwa kuimba! Wasomi wa Florence, opera ilikoanzia, ndicho walichokitaka: waliamini Wagiriki wa kale waliimba tamthilia zao.

Basi, Orfeo, mwimbaji aliyefiwa na mke, kamfuata mkewe kuzimu. Mvushaji wa mtoni kakataa kumpakia.
Akambembeleza kwa wimbo mreeefu, violini zinalia, kinubi kinajibu. Mimi machozi hayo.

Mvushaji hakumhurumia.

Alisinzia.

Orfeo akachukua mtumbwi, akavuka mwenyewe. Na mzee wa kiti cha pembeni yangu? Anakoroma taratibu, kofia mapajani.

Haya, nani keshawahi kulala ukumbini? Semeni ukweli 😂