Mwenye nyumba ni nani hasa?

Kwenye daftari tulisaini watu 38, kwenye ndoo zikatoka kura 41. Naanzia hapo maana mengine yote yamekuja baada ya hizo tatu.

Huku kwetu ni pembeni ya mji wa Mtwara, njia ya kwenda Naliendele, viwanja vya kupimwa, nyumba moja hapa nyingine kule na katikati mikorosho ambayo hata wenyewe hatuwajui. Tuna umoja wetu, sio serikali ya mtaa wala nini, ni sisi tu tulikubaliana kila nyumba elfu kumi kwa mwezi, mlinzi wa usiku analipwa humo na ikibaki tunamwaga kifusi barabarani kabla ya mvua. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, akasema amechoka, tufanye uchaguzi. Wakajitokeza wawili, fundi umeme mmoja na mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Jumapili jioni, chini ya mwembe, karatasi za daftari la mtoto zimekatwakatwa, ndoo ya rangi ya lita 20 ndo sanduku la kura. Fundi 21, mama duka 19, moja imeharibika, mtu kaandika "wote sawa tu". Mimi nilimpa fundi, sifichi.

Mwalimu akahesabu majina mara mbili, 38. Akahesabu karatasi, 41. Mama duka mwenyewe hakusema kitu, alijifunga tu kanga vizuri akakaa, ila watu wake walivyoanza kelele hata waliokuwa njiani kurudi kwao wakageuza. Ikabidi tuanze kuzitafuta hizo tatu, na kuzitafuta kwenyewe ndo kukaharibu kila kitu, yaani kila jiwe ukiinua chini kuna nge.

Mbili zilipatikana hapo hapo. Kuna jamaa ana viwanja vitatu, alivinunua enzi za gesi, 2012 kwenda 2013, ule wakati kila mtu aliamini Mtwara inakuwa Dubai na watu wa Dar walikuwa wanakuja kununua viwanja kama wananunua nyanya. Viwili kajenga, cha tatu kina msingi umeota majani. Analipa elfu thelathini kila mwezi na hajawahi kuchelewa. Kasaini mara moja, katumbukiza karatasi tatu, wala hakuficha. "Nalipa mara tatu, napiga mara tatu, kosa langu nini?" Mimi naona huyu ndo alikuwa na hoja kuliko wote, na ndo huyo aliyetukanwa kuliko wote. Ya tatu ilikuwa ya dada mmoja aliyekuja na meseji ya WhatsApp ya kaka yake aliyeko Dar, "nipigie na mimi", katibu kaisoma kampa karatasi ya pili, basi.

Hesabu ikakaa sawa, hakuna mwizi. Mngedhani tunakwenda nyumbani. Wapi!

Mtu akasema isomwe katiba. Katiba yetu ni ukurasa mmoja na nusu, tuliichapisha steshenari, inasema "kila mwenye nyumba atakuwa na kura moja". Sasa bwana, mwenye nyumba ni nani? Ni mtu au ni nyumba? Jamaa wa viwanja vitatu ni wenye nyumba wangapi? Akasimama kijana mpangaji, kapiga kura na yeye, anasema "mimi mwenye nyumba wangu yuko Masasi, hajakanyaga hapa mwaka wa pili, elfu kumi ya mlinzi natoa mimi, mwizi akija anaibiwa nani?" Kuna aliyemjibu akae kimya, mpangaji hana kura. Akamrudishia kwamba 27 Novemba 2024 wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa alipiga kura kama mkazi, hakuna aliyemuuliza karatasi ya kiwanja, iweje huku kwenye kifusi na mlinzi ndo aonekane mgeni. Watu kimya kidogo.

Halafu kuna hili letu la kusini. Huku Wamakonde, Wamakua, Wamwera, Wayao, ukoo kwa asili unakwenda kwa mama, na nyumba nyingi ukiuliza vizuri ni za upande wa mwanamke. Baba mmoja alikuwa anaongea kwa sauti kuliko wote kuhusu haki za wenye nyumba, mkewe kutoka nyuma akauliza taratibu, "nyumba ipi hiyo?" Tulicheka mpaka mwalimu akavua miwani. Na kuna nyumba ya marehemu, watoto wanne, mirathi haijaisha, wawili walikuja na kila mmoja kapiga yake, mmoja kwa fundi mwingine kwa mama duka, yaani wameuana wenyewe kwa wenyewe.

Pa kwenda kushtaki hatuna. Hatujasajiliwa popote, na ile sheria ya 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo ni ya watu wanaogawana jengo moja, sisi kila mtu na kiwanja chake haitugusi.

Kuna mzee alisema haya ni mambo ya uswahilini. Hapana baba. Kule Las Vegas, Marekani, kuna mjenzi anaitwa Leon Benzer, genge lake lilikuwa linanunua nyumba kwa majina ya watu waliopangwa kujifanya wanunuzi, hao watu wanaingia kwenye bodi za umoja wa wenye nyumba, bodi inampa kazi yeye na wakili wake. Kura za wenye nyumba waliokuwa mbali walizighushi, na wasimamizi "huru" wa uchaguzi walikuwa wamelipwa na hao hao. Mwaka 2015 alifungwa zaidi ya miaka 15. California wao kura ya karatasi ya wenye nyumba inawekwa kwenye bahasha mbili, ya ndani haina jina, ya nje ina jina na sahihi, kwa hiyo unajua nani kapiga bila kujua kampigia nani, na ukiona umeonewa una mwaka mmoja wa kwenda mahakamani. Sisi tulikuwa na ndoo.

Mwezi ukaisha, waliompigia mama duka wakasema hawamlipi mwenyekiti wasiyemtambua. Waliompigia fundi wakaona kwa nini walipe peke yao. Mlinzi alisubiri siku tisa, akaenda kulinda ghala la korosho, msimu si ndo umeanza.

Ndo mwalimu akaja na wazo, kabla ya kura nyingine apite nyumba kwa nyumba na daftari, anaandika jina lililo kwenye karatasi ya kiwanja, basi, huyo ndo mwenye nyumba. Nikamsifia sana. Juzi kafika kwangu, nikamkaribisha kiti, nikaingia ndani kwa mbwembwe kutoa ofa, ile barua ya kiwanja, kwenye begi la bibi. Jina la mjomba. Sio la mama, sio langu, la mjomba aliyeko Newala, nyumba nimeipaka rangi mimi, choo nimejenga mimi.

Nikampigia nikiwa bado chumbani. Shikamoo mjomba, marahaba, nikamweleza. Akacheka, akauliza walikuwa wanagombea akina nani. Nikamtajia.

"Ah, mimi ningempa yule mama, alinikopesha bati."

Nikapiga hesabu kichwani, 20 kwa 20. Nikatoka, mwalimu kashika kalamu ananiangalia, nikamwambia mtandao unasumbua.