Neno moja nililoongeza kwenye habari ya mbwa

Nilifanya kazi ya kuhariri habari za usiku kwa miaka sita. Usiku mmoja ililetwa habari fupi: mtu ameng'atwa na mbwa getini kwa jirani, akashonwa mguu. Mwandishi alikuwa ameandika "mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia". Nikafuta maneno sita, nikaweka moja: Pitbull, aina ya mbwa inayoogopwa kwa kung'ata. Kichwa cha habari kikakaa vizuri kwenye safu, nikaendelea na habari ya pili.

Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Mimi mwenyewe sikujiuliza. Mbwa kang'ata, mbwa ni mkubwa, basi ni Pitbull.

Siku chache baadaye mwenye mbwa alikuja ofisini na kadi ya chanjo mkononi. Mzee mpole, hakupandisha hata sauti. Mama wa mbwa wake alikuwa mbwa koko, baba alikuwa Labrador wa rafiki yake. Tukachapa masahihisho ya mistari miwili ukurasa wa ndani kabisa, chini ya tangazo. Wakati huo mbwa alishapelekwa kwa ndugu mbali huko, maana kila akitolewa nje watoto walimrushia mawe wakimwita kwa jina nililompa mimi.

Nayasema haya kwanza ili mtu asije kudhani nanyooshea wenzangu kidole mimi nikiwa msafi.

Sasa nina Pamba. Ni jike, kichwa kipana kama kinu, kifua kimetanuka, na baka jeupe shingoni ndilo lililompa jina. Nilimchukua akiwa mdogo kwenye uwanja wa rafiki yangu, ambaye alimjua mama tu. Baba ni siri ya usiku ule. Watu huvuka barabara wakituona. Wengine hunisimamisha: "Huyo si Pitbull huyo?" Nimeshajibu kila namna, hata kwamba ni ng'ombe. Nilipompeleka chanjo ya kwanza, daktari alifika kwenye nafasi ya "aina", akamtazama Pamba kichwani, akanitazama mimi, kisha akaandika "chotara". "Ni kwa usalama wako," akasema. Angeandika neno jingine, leo Pamba angekuwa mbwa mwingine kwenye karatasi, na karatasi ndiyo inayosomwa na mwenye nyumba.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma sheria za mbwa za nchi za watu, nikakuta kalamu ya daktari imejaa humo.

Uingereza ilipitisha Sheria ya Mbwa Hatari mwaka 1991, baada ya magazeti kufululiza picha za watu walioumizwa. Ikapiga marufuku aina nne: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Kinachotazamwa ni umbo. Wazazi wa mbwa hawaulizwi, vinasaba havipimwi, tabia yake haimtoi kwenye orodha. Anakuja mtu na futi yake, anapima kichwa, kifua, miguu, akiona vipimo vinakaribiana na vya Pitbull, basi huyo ni "aina ya Pitbull" hata kama watoto wenzake wa tumbo moja wamepona kwa kuwa wembamba. Na mwenye mbwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba siye. Mwizi wa kuku anapewa nafasi nzuri zaidi ya hiyo.

Mwaka 1992 jijini London, Pitbull jike aitwaye Dempsey alivuliwa njiani kifunga mdomo ambacho sheria ilimtaka avae hadharani, kwa sababu alitaka kutapika. Kosa lake ni hilo tu: mdomo wazi mbele ya watu. Akahukumiwa kifo. Kesi ikasukumana miaka mitatu, mwigizaji wa filamu Brigitte Bardot akajitolea kumpa makazi Ufaransa, na mwaka 1995 akaachiwa kwa dosari ya kisheria. Lennox, mbwa wa Belfast huko Ireland Kaskazini, hakuwa na bahati hiyo. Alichukuliwa nyumbani kwao Mei 2010 kwa ajili ya umbo lake, akakaa kizuizini miaka miwili, watu wa nchi nyingi wakamwombea, akauawa kwa sindano Julai 2012. Picha yake ya kizuizini, kakaa kwenye sakafu iliyotapakaa maranda, niliitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ana sikio la Pamba.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza iliongeza kwenye orodha XL Bully, mbwa mkubwa wa ukoo wa Pitbull. Huyu hata chama cha mbwa cha huko, Kennel Club, hakimtambui kama aina, kwa hiyo serikali ililazimika kuandika yenyewe maelezo ya anavyofanana. Dume aanzie sentimita 51 begani, jike 48. Tangu Februari 2024, ukiwa naye England au Wales bila cheti cha msamaha umevunja sheria. Fikiria una mtoto wa mbwa anayekua, kila wiki unamsimamisha ukutani na kumpima kama mtoto wa shule, ukiomba asirefuke.

Kilichonichekesha, kicheko cha uchungu, ni Staffordshire Bull Terrier. Uingereza ni mbwa wa nyumbani, anapendwa, analala na watoto. Ujerumani yuko kwenye orodha ya aina nne zilizozuiwa kuingizwa nchini tangu 2001. Yaani mbwa yuleyule anaingia kwenye feri ni kipenzi, anashuka ni mhalifu, na hajamgusa mtu njiani.

Kabla yao walikuwepo wengine. Australia ilifunga milango kwa German Shepherd mwaka 1929, kwa hofu kwamba watazaana na dingo, mbwa wa porini wa huko, na kumaliza kondoo, ikaja kuifungua miaka ya 1970. Kisha zamu ya kuogopwa ikawa ya Doberman, kisha Rottweiler. Pitbull mwenyewe, miongo kadhaa kabla jarida la michezo la Sports Illustrated halijamweka kwenye jalada Julai 1987 akiwa katoa meno, na onyo la kujihadhari naye, alikuwa mbwa wa kawaida tu huko Marekani, wa kupigwa picha na watoto. Ni samaki mmoja akioza, lakini hapa hata hatujui kama aliyeoza alikuwa samaki.

Maana kumtambua kwa macho ni kazi ngumu kuliko tunavyojidai. Huko Florida watafiti waliwachukua mbwa 120 kwenye makazi manne, wakawauliza wafanyakazi, wakiwemo madaktari, ni mbwa gani. Zaidi ya nusu waliitwa aina ya Pitbull na mfanyakazi mmoja au zaidi. Vinasaba vilipopimwa, wenye damu hiyo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku. Mimi nilimtambua wa kwangu nikiwa kwenye kiti, saa tano usiku, bila hata picha.

Na utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2022, uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulikuta aina ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Si sifuri. Mbwa wa kuchunga bado huchunga. Lakini ni kidogo mno kumhukumia mbwa mmoja aliyesimama mbele yako.

Nisieleweke vibaya, mbwa wa aina hii wameua watu, wakiwemo watoto. Hilo halifutwi na picha ya Lennox. Mbwa mwenye taya pana na misuli akiamua kung'ata, jeraha ni kubwa kuliko la kijibwa cha kubeba mkononi, na anayesema Pitbull wote ni malaika simwamini kama nisivyomwamini niliyekuwa zamani. Pamba akivuta kamba bega langu linauma siku mbili. Hatoki bila kamba, hakai na mtoto peke yao, wala simwachi getini awe kengele. Mbwa akifungwa mnyororo tangu mdogo, anyimwe matembezi, afundishwe kwamba kila mgeni ni adui, utamtengeneza wa kung'ata kutoka karibu mbegu yoyote. Sheria inayopima kichwa cha mbwa haimgusi mtu huyo. Kesho anafuga aina nyingine.

Uholanzi iliwapiga marufuku Pitbull mwaka 1993, ikatangaza kuiacha marufuku hiyo 2008 baada ya kuona watu wanang'atwa vilevile. Italia ikaitupa orodha yake 2009, mzigo akabebeshwa mwenye mbwa. Jiji la Denver, Marekani, lilikaa na marufuku tangu 1989, wapiga kura wakaibadilisha 2020 wakaweka kibali. Walichelewa, na mbwa waliouawa katikati hapo hawarudi.

Juzi binti mmoja niliyemfundisha kazi alinipigia usiku. "Kaka, nisaidie kichwa cha habari. Pitbull kamng'ata fundi."

"Pole kwake. Nani kamtambua mbwa?"

Kimya.

"Mdogo wangu?"

"Polisi wamesema ni mbwa mkali. Mimi nikajua…" Akaishia hapo. "Subiri nimpigie mwenyewe."

Alinirudia baada ya robo saa. Mwenye mbwa alimpata kwa mtu aliyehama, hajui mbegu yake, ila alikiri kwamba geti lilikuwa bovu tangu mwezi uliopita na fundi alikuja kulitengeneza. Habari ikatoka na neno "mbwa", na geti bovu likaingia aya ya pili. Mhariri wake alilalamika kwamba haina mvuto.